Bati Jeusi na Mguu wa Fundi

Dar es Salaam paa huchaguliwa na wapita njia. Mwenye nyumba hulilipia, fundi huligongelea misumari, lakini mwamuzi wa mwisho ni abiria wa daladala atakayegeuza shingo na kusema, "Pale pamejengwa." Ndiyo maana miaka hii, kuanzia Bunju hadi Chanika, nyumba mpya zinavikwa bati za msauzi za rangi ya mkaa, kahawia iliyokolea au damu ya mzee. Zinapendeza, hakuna ubishi. Ukizitazama kutoka barabarani utadhani wenyewe wanaishi peponi. Ukiingia ndani saa nane mchana mwezi wa pili, utajua wanaishi wapi.

Bwana mmoja wa Kivule aliezeka yake kwa bati la rangi ya mkaa, akahamia mwezi wa saba. Kosa halikuwa rangi peke yake. Mwezi nao ulimponza. Julai ni kipupwe, hata watu wa Dar hujifunika shuka nzito na kulalamika baridi, na nyumba yoyote yenye kuta nne huonekana imejengwa kwa akili. Mama mkwe akaja kutoka Pangani, akalala usiku mmoja, akaamka anaisifu. Mwenye nyumba akaanza kuwapa ushauri wa ujenzi watu ambao hawakumwomba.

Kisha ikaja Desemba.

Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hulipita jiji hili utosini mara mbili kwa mwaka: katika nusu ya kwanza ya Oktoba na mwanzoni mwa Machi. Katikati ya hapo haliendi mbali. Siku isiyo na mawingu, saa sita mchana, kila mita moja ya mraba ya ardhi hupokea nguvu ya jua ya wati kama 1000, sawa na pasi moja ya umeme. Paa la nyumba ya vyumba vitatu na sebule huweza kufika mita za mraba 150. Hizo ni pasi 150 zilizowashwa kwa pamoja na kulazwa kifudifudi juu ya vichwa vya watu, na LUKU haipungui hata yuniti moja.

Bati jeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua hilo lilikotoka. La rangi ya mkaa hulinywa karibu lote, na joto lake huvuka nyuzi 60 bila shida. Na bati lenyewe ni jembamba. La geji 30 halifiki hata nusu milimita. Kati ya jua na dari ya bwana wa Kivule hakukuwa na ulinzi wowote wa maana, ila rangi nzuri.

Si haki kulilaumu bati, maana halikuzaliwa kwa ajili ya kulaza watu. Mwingereza Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, ndiye aliyeandikisha hataza ya bati la migongo mwaka 1829, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuezeka maghala. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukivika chuma zinki ili kisishike kutu, na kuanzia hapo bati likapanda meli kwenda kila pembe ya dunia. Mapipa na marobota ya ghalani hayatoki jasho wala hayagombani na wake zao. Afrika Mashariki bati likapanda kutoka ghalani hadi chumbani, na ghala la London likabaki na baridi yake.

Msaada wa kwanza wa bwana wetu ulikuwa pangaboi. Alifunga moja sebuleni na moja chumbani, akalala chali chini yake akisubiri ubaridi. Pangaboi halipoozi hewa. Linaisukuma tu, na mtu hupata nafuu kwa sababu upepo hukausha jasho. Sasa, dari inapokuwa na joto kuliko ngozi ya aliyelala, kinachosukumwa ni pumzi ya oveni. Mkewe alilizima, akatandika mkeka barazani, akamwambia, "Baba, hilo jiachie mwenyewe."

Kuanzia siku hiyo kila mtu akawa mtaalamu. Jirani alileta trei za mayai, rundo zima, kwa hoja kwamba studio za muziki huzibandika ukutani. Zinabandikwa kweli, na hata kwa sauti msaada wake ni mdogo. Kwa joto hazina habari. Zikaishia bandani kwa kuku, ambako angalau zilikuwa na uzoefu.

Ushauri mzito ulitoka Minnesota, Marekani. Huko anaishi shemeji, mdogo wake mkewe, ambaye alipiga simu ya video akiwa darini mwake, amevaa koti, taa kichwani, anaonyesha kitu mithili ya theluji ya kijivu iliyojaa hadi magotini. Hizo ni karatasi, akasema, magazeti ya zamani yaliyosagwa na kupulizwa kwa bomba. "Shemeji, hapa tuko R-49," akatamba, na bwana wetu akaitikia kwa heshima kana kwamba ametajiwa cheo. Namba ya R hupima jinsi kitu kinavyolizuia joto lisipenye. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyokwama. Kwa karatasi za aina hiyo, R-49 ni rundo la unene wa sentimita 35 hivi. Minnesota, ambako usiku wa Januari huweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, rundo hilo ndilo linalozuia joto la hita lisipande likatorokea angani.

Bwana wa Kivule alikusanya magazeti. Aliyakusanya kwa wauza maandazi, kwa vinyozi, kwa ofisi ya kata, akayachana usiku na watoto wake na kuyamwaga darini. Alichosahau kuuliza, na shemeji akasahau kusema, ni kwamba magazeti ya Minnesota hutiwa chumvi za boroni ili yasishike moto haraka na wadudu wasiyaguse. Ya Kivule hayakutiwa kitu. Mchwa walipata taarifa kabla ya panya, lakini panya walifika wengi zaidi. Kwa wiki kadhaa familia ililala ikisikiliza habari za michezo na siasa zikitafunwa juu ya vichwa vyao.

Magazeti yakateremshwa kwa magunia.

Hapo mama mkwe, aliyekuwa amerudi kwa likizo ya wajukuu, akatoa wazo lake: sufi. Pangani misufi ipo, na yeye amelalia magodoro ya sufi maisha yake yote. Watoto walicheka, lakini bibi hakuwa amekosea. Unyuzi wa sufi ndani ni mtupu, umejaa hewa, na hewa iliyofungiwa mahali isipoweza kutembea ni kizuizi kizuri sana cha joto. Sufi iliwahi kushindiliwa kwenye maboya ya kujiokolea majini na hata kwenye kuta za kuzuia joto na kelele. Vitu vingi vya namna hiyo, kwa kweli, havifanyi kazi wenyewe. Kazi hufanywa na hewa vilivyoikamata. Mwaka 1833 mfanyabiashara wa Boston, Frederic Tudor, alipakia barafu melini, akaizungushia vitu vikavu vilivyokamata hewa, akaipeleka Calcutta kwa safari ya miezi minne kupitia nchi za joto, na zaidi ya nusu yake ikafika ikiwa bado barafu.

Aliyeikataa sufi alikuwa fundi umeme. Alipanda darini kuangalia waya, akakuta viungio vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa selotepu nyeusi, akashuka kimya. Sufi hushika moto haraka sana. "Mama," akamwambia bibi kwa adabu, "ukiweka sufi kule juu, mimi sijawahi kufika nyumba hii." Sufi ikawa mito.

Katikati ya mkanganyiko huo ndipo lilipoibuka suala la wachawi. Kila jioni, jua likitua, dari ilianza kulia: ta! kimya, ta-ta! Mama mkwe aliacha uji, akafungua Yasini. Maelezo ya mlio huo yanapatikana kwa hesabu ya shuleni. Chuma kikipata joto hurefuka, kikipoa hufupika. Bati la mita 6 likipanda kwa nyuzi 40 hurefuka karibu milimita 3, na jioni hulazimika kuzirudisha huku limebanwa na misumari. Kila msumari unaoachia hutoa mlio wake. Bibi alisikiliza maelezo hayo hadi mwisho, akasema amefahamu, akaendelea kusoma.

Kuna kitu kimoja ambacho trei, magazeti na sufi vilishiriki: vyote vilipambana na adui wa nchi nyingine. Minnesota joto liko ndani na linataka kutoka juu, likibebwa zaidi na hewa. Kivule joto liko juu na linataka kushuka, na hewa ya moto haishuki. Mtu yeyote aliyewahi kuona moshi anajua. Kinachoshuka kutoka kwenye bati ni mionzi ya joto isiyoonekana, inayoruka pengo la darini bila kuhitaji hewa, ikatua juu ya jipsamu, na jipsamu ikishapata moto humiminia chumba mionzi yake yenyewe. Namba ya R haikubuniwa hasa kwa ajili ya kupima kitu hicho.

Jaribio lake ni rahisi na halina gharama. Mchana wa jua kali, simama chini ya bati lisilo na dari, kwa mfano kwenye kibanda cha mama lishe, unyanyue kiganja kukaribia bati bila kuligusa. Utahisi joto likikupiga kiganjani ingawa hewa unayovuta si ya moto kiasi hicho. Sasa chukua kipande cha karatasi ya alumini inayofungia chipsi, kiweke kati ya kiganja na bati, visigusane. Joto hukatika papo hapo. Alumini safi inayong'aa hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya mionzi ya joto inayoipiga, na yenyewe hutoa kidogo mno. Lakini ina sharti moja gumu: upande unaong'aa lazima utazame nafasi tupu. Ikigusana na kitu pande zote mbili, joto hupenya kwa mgusano tu, na alumini inageuka pambo.

Sharti hilo halikuandikwa kwenye roli la foili ya alumini alilouziwa bwana wetu Gerezani. Muuzaji alikuwa na roli la sufi ya kioo pia, na mteja wetu alilipapasa kwa mkono mtupu kuona kama ni laini. Alijikuna hadi Gongo la Mboto. Sufi ya kioo nayo ni zao la ajali. Mwaka 1932 kijana Dale Kleist wa kampuni moja ya vioo ya Marekani alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo kwa kioo kilichoyeyuka, pumzi ya hewa kali ikakirusha na kukigeuza nyuzi. Ni kizuia joto kizuri, hata hapa kwetu kina msaada, mradi anayekitandika avae glavu, barakoa na mikono mirefu. Bwana wetu akiwa bado anajikuna alichagua foili.

Foili hiyo ilikuwa na upande wa alumini na upande wa plastiki nyeupe iliyofumwa. Fundi paa aliigeuza huku na huku, akafikiri, akatoa hukumu: "Bosi, huku kunakong'aa tukuelekeze chini, tukulaze juu ya jipsamu, kusichafuke." Mwenye nyumba akaona busara. Vumbi la Kivule linajulikana, na popo nao walishafungua tawi darini. Baadhi ya popo wadogo huvumilia joto kubwa la chini ya bati. Foili ikatandikwa kifudifudi, alumini imebanana na jipsamu, plastiki ikitazama bati. Ilikuwa safi kabisa. Hakuna vumbi lililoigusa, na joto likapita kama mwenyeji.

Wakati huo bwana wetu alikuwa amehamishia mchana wake kwenye baa ya makuti iliyo karibu na kituo cha daladala. Mkewe alipouliza anafanya nini huko kila siku, alijibu anafanya utafiti. Tuseme ukweli, utafiti ulikuwepo. Makuti hupangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likiwa limekamata hewa yake. Uso wa juu ukiwaka, wa chini unabaki wa kawaida, na hewa ya moto hupenya kwenye nyufa na kwenda zake. Ubaya wake ni moto, mchwa na kuezeka upya kila baada ya miaka michache. Lakini saa nane mchana, chini ya makuti, watu huvaa mashati. Chini ya bati la rangi ya mkaa huvua.

Aliyemfungua macho alikuwa kijana wa kufunga viyoyozi, aliyekuja kupima chumba ili amuuzie mashine, akapanda darini, akashuka na kumwambia kwa uaminifu uliomkosesha mauzo kwamba foili imelala vibaya. Ifunguliwe, ipigiliwe kwa chini ya kenchi, iachane na bati kwa nafasi, upande unaong'aa utazame chini. Hapo hata vumbi likianguka litaangukia plastiki, na uso wa alumini utabaki msafi. Kisha fishabodi itobolewe matundu chini, na kwenye pembetatu za ukuta juu viwekwe vidirisha vyenye wavu, hewa ya moto ipate njia ya kutokea na popo wapate taarifa ya kuhama.

Fundi paa akaitwa tena. Aliahidi kuja asubuhi, akaja saa saba mchana, kama ilivyo desturi ya ufundi. Na saa saba siku hiyo sebuleni kulikuwa na wageni wa posa ya mdogo wake mwenye nyumba: mshenga aliyevaa kanzu, wazee watatu, sinia la sambusa na birika la chai. Haikuwezekana kumrudisha fundi, maana akirudishwa hapatikani tena mwezi mzima. Akapandishwa kwa ngazi ya uani akiwa ameagizwa atembee kimyakimya.

Dari ya jipsamu ni ubao wa jasi na karatasi wenye unene wa milimita 9 hivi. Hubeba uzito wake na rangi yake, basi. Anayetembea darini hukanyaga mbao za mbili kwa mbili zilizoishikilia, na mbao hizo fundi alizijua vizuri, ila sasa zilikuwa zimefunikwa na foili aliyoitandika mwenyewe.

Mshenga alikuwa amefika pale anapoeleza kwamba wameona ua katika bustani hii. Kukasikika mlio mkavu, vumbi jeupe likatua juu ya sambusa, na mguu mmoja ukateremka hadi pajani, katikati ya pangaboi na saa ya ukutani. Ulikuwa na kandambili ya bluu. Ukapapasa hewa kidogo, kandambili ikachomoka, ikaangukia kwenye zulia mbele ya mshenga. Hakuna aliyesema neno. Kisha sauti ikatoka juu, ya mtu aliyelelewa vizuri:

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanangu," mshenga akajibu, macho yakiwa kwenye kandambili. "Panda polepole. Usitie huo mwingine."

Posa ilikubaliwa. Wapo wanaosema upande wa bwana harusi uliogopa kurudi siku nyingine.

Foili ilipigiliwa upya inavyotakiwa, matundu yakatobolewa, jipsamu ikazibwa na kupakwa rangi isiyolingana na ya zamani. Mlio wa jioni haukwisha, ila mama mkwe ameuzoea. Limebaki suala la rangi ya bati, ambalo ndilo lililoanzisha yote. Mwenye nyumba alitaka kupaka paa zima rangi nyeupe. Jirani wa trei akapendekeza chokaa kwa kuwa ni rahisi. Kwa bahati hakusikilizwa, kwa kuwa chokaa mbichi hula zinki ya bati na kulifungulia kutu mlango. Mkewe alikataa kabisa: watu watasema wameishiwa. Wakafikia mapatano ya kistaarabu. Upande wa barabarani umebaki rangi ya mkaa kwa ajili ya abiria wa daladala, na upande wa uani umepakwa rangi nyeupe ya mabati kwa ajili ya wanaolala humo. Watoto wote sasa wanalala vyumba vya uani.

Unayejenga mwaka huu na bado hujanunua bati, chagua rangi ya kupauka, agiza foili iwekwe kabla paa halijafungwa, na mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole upande unaong'aa unatazama wapi. Ambaye ameshaezeka na anataka kukagua dari yake, apande saa kumi na mbili asubuhi, avae viatu vya kufunga, na aulize kwanza kama kuna wageni.